Majivu ya Mama na Keki ya Mayai Isiyo na Chumvi

Wakubwa wangu shikamooni. Na ninyi wenzangu wa rika langu, habari za asubuhi. Nimewekewa kiti hapa mbele nikae nizungumze taratibu, lakini mimi kukaa sijui, mnanifahamu. Nikitembeatembea msinishangae. Mtu aliyenyang'anywa miguu kwa miezi, akirudishiwa, anaitumia.

Sufuria hii iliyofunikwa kitambaa msiifunue bado. Mama Rozi, nimekuona. Tutaifikia.

Yule aliyekaa pale mbele na kitenge cha bluu ni mama yangu mzazi. Ametoka Mamboya juzi. Jana nilimwambia, "Mama, kesho nasimama mbele ya akina mama kueleza nilivyoumwa." Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Ukisimama, sema na lile la majivu. Usiponitaja, nitajitaja mwenyewe." Basi nitalisema, na ruhusa yake ninayo.

Naitwa Agnesi, wengi mnaniita Mama Jeni. Kabla ya kuugua, mlikuwa mnanikuta hapa hapa Mikumi, kando ya barabara kuu wanapoegesha malori. Saa kumi na moja alfajiri mkaa wangu umeshashika. Supu huku, chapati kule, chai ya rangi katikati, na fimbo mkononi ya kuwafukuza nyani, maana nyani wa huku hawana adabu, mmoja aliwahi kuondoka na chapati tatu na kitambaa cha meza. Sikuwa nakaa. Mume wangu, Baba Jeni, anaendesha trekta kwenye mashamba ya miwa kule Ruhembe na anarudi nyumbani Jumamosi. Alikuwa ananitania, "Wewe nyumba ikishika moto utageuza chapati kwanza."

Nilikuwa nauona huo utani kama sifa.

Mgongo ulikuwa unauma, magoti yanauma, kichwa kinagonga. Dawa yangu ilikuwa vidonge vya maumivu. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni nikifunga kazi kingine, na mara nyingi tumbo halina kitu. Nilikuwa navibeba kwenye mfuko wa aproni pamoja na kiberiti. Maji nilikuwa sinywi, kwa sababu ya kijinga kabisa: choo kiko mbali na meza yangu, na nikienda chooni nani atageuza chapati? Kwa hiyo nilijifunza kukaa na kiu. Watu wa afya walipita siku moja wakapima presha bure pale stendi. Yule nesi aliangalia kipimo, akanipima tena mkono wa pili. Akasema, "Mama, presha yako iko juu sana, kesho njoo zahanati." Nikamwambia nitakuja. Neno hilo ni rahisi kulitamka ukiwa na chapati motoni.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kidonge kimoja kimoja, siku moja moja, mimi nilikuwa namaliza figo zangu na sijui.

Ilianza na miguu. Nikivua ndala jioni, alama za mikanda zinabaki zimezama. Kisha uso. Naamka macho yamevimba kama niliyelia usiku kucha. Wateja wakawa wananipongeza, "Mama Jeni umenenepa, biashara imekubali!" Nami nacheka. Nikienda haja ndogo naona povu, povu kweli, kama mtu amemwaga maji ya kufulia. Nikasema labda ni sabuni aliyotumia aliyeosha choo. Baadaye mkojo ukawa mchache na mweusi kama chai. Ngozi ikawa inawasha mpaka nikawa najikuna mgongo kwa kona ya mlango. Mdomoni nasikia ladha ya chuma, kama nimenyonya msumari.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Mpishi akipoteza ulimi amepoteza kila kitu. Nikawa naonja supu, naona haina chumvi, naongeza. Naonja tena, naongeza. Dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa miaka, alichovya kijiko akakirudisha kwenye bakuli. Akasema kwa sauti meza zote zikasikia, "Mama Jeni, leo umetupikia bahari?" Watu wakacheka. Mimi niliingia nyuma ya banda nikatapika.

Sikumwambia mtu. Kwikwi ikanishika siku mbili mfululizo, nikasema pilipili. Nikilala chali napumua kwa shida, nikawa nalala nimeegemea ukuta. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kilikuwa kimeshavuta kigoda.

Jumamosi Baba Jeni alirudi. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti, akabonyeza kidole kwenye muundi wangu, akakitoa. Shimo likabaki. Tulikaa tunalitazama shimo lile, halirudi. Akasema, "Agnesi, huu ni mguu au ni unga umekandwa?" Nilitaka kucheka nikaona machozi yake. Alikuwa hajavua hata buti za shamba, akatoka kwenda kutafuta gari.

Hospitali daktari aliniuliza mbele ya mume wangu, "Mama, unakojoa?"

Nikaona aibu. Nikasema, "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kikombe cha kahawa."

"Mara moja?"

"Kwa siku."

Akaweka kalamu chini. Walichukua damu, na majibu yalipokuja nilipelekwa hospitali kubwa siku ile ile. Huko nikaambiwa figo zote mbili zimegoma kazi, uchafu umejaa kwenye damu, lazima nisafishwe kwa mashine. Wakanipitishia mpira hapa shingoni. Kovu hili mnaliona. Maumivu yake siyo ninayoyakumbuka zaidi. Kilichonitesa ni kutulia. Masaa manne, usigeuze shingo, usinyooshe mkono, damu yako inatoka inazunguka kwenye mipira inarudi, na wewe unaitazama. Mimi ambaye sijawahi kukaa mpaka chai ikapoa! Nilikuwa nageuza chapati kichwani. Naanza ya kwanza, nageuza, napaka mafuta, nageuza. Nesi akaniuliza mbona vidole vinacheza. Nikamwambia niache, niko kazini.

Nilifanyiwa hivyo mara kadhaa. Kisha asubuhi moja nikasikia nimebanwa, nimebanwa kwelikweli, nikaomba kopo, likajaa. Jamani, hamjawahi kuona watu wazima wanashangilia mkojo. Mimi na nesi tulipiga vigelegele, wodi nzima ikaamka.

Siku ya kuruhusiwa daktari alikaa kitandani kwangu. Akasema, "Figo zako zimeamka, ila zina makovu. Presha ndiyo iliyozichosha miaka mingi, vidonge vya maumivu vikamalizia. Kuanzia leo dawa ya presha ni kila siku, vidonge vya maumivu usiviguse, na chakula kitabadilika. Tutakupima mara kwa mara, na baada ya miezi mitatu tutajua. Zikisimama hapo zilipo, utaishi nyumbani kwako. Zikishuka, utarudi kwenye mashine, na safari hiyo haitakuwa ya muda."

Baba Jeni akauliza, "Daktari, mashine ile Mikumi ipo?"

"Haipo. Mtahamia inakopatikana. Mara mbili tatu kwa wiki, maisha yote."

Kwenye uzi huo ndipo nilipokuwa nimening'inia. Miezi mitatu. Ama nirudi kwenye banda langu, ama niishi nimefungwa kando ya mashine, nimetulia masaa manne, kesho kutwa tena masaa manne. Nilisema moyoni, afadhali nife. Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Daktari aliendelea kueleza mambo ya chakula. Alisema chumvi, alisema potasiamu, alisema mboga hizi na matunda yale. Mimi akili yangu ilikuwa imeshatoka mlangoni, iko kwenye gari. Nilisikia chumvi tu.

Ili niwe karibu na kliniki, nilikwenda kukaa Kilosa mjini kwa mdogo wangu Tabu, anayeuza vitunguu sokoni. Na Mama akashuka kutoka Mamboya kuja kuniuguza, na furushi lake la vyakula na kuku mmoja chini ya kwapa.

Siku za kwanza nilikula chakula kisicho na chumvi kabisa. Maharage kama udongo. Mchicha kama nyasi. Nikaweka kijiko chini nikamwambia Mama, "Heri nisile." Nilikuwa mkali sana, nataka kuamka, nataka kurudi Mikumi, nagombana na kila kitu, hata na treni ikipita napiga makelele kwamba inanitikisa kitanda.

Kesho yake chakula kilikuwa na ladha. Nikamtazama Mama. Mama akasema, "Kula mwanangu, hakuna chumvi ya dukani humo. Nimekufanyia ya majivu."

Wazee hapa wanaijua, vijana niwaeleze. Unachoma maganda makavu ya maharage, unapata majivu. Unayaweka kwenye chombo chenye matundu, unamimina maji juu, yanachuruzika chini yakiwa na rangi ya chai. Maji hayo unapikia mboga au maharage. Yanalainisha haraka na yanaleta ladha ya chumvi. Bibi zetu huko milimani walipikia hayo wakati pakiti za chumvi hazijulikani. Kwa Mama hiki kilikuwa kitu safi, cha shambani, hakijapita kiwandani. Mwanawe amekatazwa chumvi ya dukani, basi yeye ametoa iliyo bora kuliko ya dukani.

Nilikula. Nilikula kisamvu, nikala maharage, nikala ndizi za kuchemsha, vyote kwa maji ya majivu, na nikaomba nyongeza. Mama anafurahi, mimi nafurahi.

Asubuhi moja nilikuwa naanika kanga kwenye kamba. Mikono ikawa mizito. Nikainyanyua kanga, haipandi. Magoti yakalegea, na moyo, sijui niueleze vipi, moyo ukaruka, ukasimama, ukakimbia, ukasimama tena. Nikaanguka na kanga usoni. Tabu alinipandisha bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia kama gunia, Mama akatufuata kwa bodaboda nyingine.

Pale hospitali wakanipima moyo, karatasi ikatoka na milima yake. Daktari aliyekuwa zamu akaitazama, akaanza kuita watu. Sindano hii, dripu ile. Nilipoweza kusema akaniuliza, "Mama, umekula nini siku hizi?"

Nikasema kwa hasira, "Chumvi sijagusa hata chembe!"

Mama yangu, maskini, akasogea mbele akasema kwa majivuno kabisa, "Ni kweli daktari. Napika mimi mwenyewe. Natumia maji ya majivu tu."

Daktari akaacha kuandika. Akamwambia kwa heshima, "Mama, majivu hayo yamejaa potasiamu. Mtu mwenye figo nzima anaitoa kwenye mkojo. Huyu hawezi kuitoa yote, inabaki kwenye damu. Ikizidi, moyo unasimama. Leo umekaribia kusimama."

Na mimi nilifanya nini? Niligeuka kitandani, mbele ya daktari, mbele ya manesi, mbele ya wagonjwa wote, nikamwambia mama yangu aliyenizaa, "Mama, unataka kuniua?"

Hakujibu. Alishika ncha ya kitenge chake akaikunja, akaikunjua. Kesho yake asubuhi Tabu alikuta furushi halipo. Mama alikuwa ameshapanda gari la kwenda Mamboya. Chombo chake cha majivu alikuwa amekiosha, amekigeuza juu chini kando ya mlango.

Wiki tatu zilipita sisikii sauti yake. Nami sikupiga simu. Najijua, ulimi wangu ni mwepesi kutukana na mzito kuomba radhi.

Wakati huo ndipo nilipopelekwa kwa dada wa lishe. Binti mdogo, lakini ana macho ya mwalimu mkuu. Akanisomea: hiki punguza, kile acha, hiki chemsha kwa maji mengi umwage maji, vinywaji pima. Nikamkatiza. Nikamwambia, "Binti yangu, umeniachia nini? Chai na hewa?" Hakukasirika. Akafunga daftari akasema, "Mama, nasikia wewe ni mpishi. Wagonjwa wengine wananiletea malalamiko. Wewe niletee chungu. Mayai nakuruhusu, weupe zaidi kuliko kiini. Kabichi, hoho, vitunguu, nakuruhusu. Wali mweupe, nakuruhusu. Nitengenezee kifungua kinywa."

Ohoo! Ni kama alinitukana. Nilitoka pale natembea kwa kasi mpaka Tabu akaniambia nipunguze mwendo.

Nikaanza. Siku ya kwanza nilikaanga mayai na kabichi, kabichi ikatoa maji, tukapata uji wa ajabu. Siku ya pili nikachemsha mayai nikakatia juu ya mboga, nikala kama dawa. Siku ya tatu nikatamani kuweka mkate chini, dada wa lishe akanikumbusha kwamba mkate wa dukani una chumvi yake ndani. Tabu alikuwa anaonja na kusema, "Dada, kizuri." Uongo ulikuwa unaonekana kwenye koo lake likimeza.

Nikatafakari. Shida siyo chumvi peke yake. Shida ni maji. Mboga inabaki na maji na yai linalegea. Hiki kitu kinataka kuokwa, kikauke juu, kiwe na ganda la kahawia, maana palipoungua kidogo ndipo ladha inapojificha. Lakini kwa Tabu oveni iko wapi? Kuna jiko la mkaa na sufuria ya mfuniko bapa.

Basi nikakumbuka mkate wa utotoni. Bibi yetu alipikia wamisionari zamani kule Mamboya, na akamfundisha Mama kuoka kwa mkaa: moto chini, moto juu ya mfuniko. Kila Krismasi tulikula mkate huo. Nikaweka mkaa juu, nikaweka mkaa chini, dakika chache nyumba ikanuka moshi, chini pameungua kama lami na juu yai bado linatiririka.

Nilijua ni nani pekee anayejua kipimo. Niliishika simu nikaiweka. Nikazunguka uani. Nikaishika tena. Nikapiga.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

Nasikia kuku wake kwa mbali. Nikasema, "Mama, unapooka, mkaa mwingi unaweka juu au chini?"

Akasema, "Juu mwingi. Chini vipande viwili vitatu tu, vilivyoanza kufa. Chini ukizidisha unaunguza." Halafu akauliza, "Unaoka nini?"

"Mayai na kabichi."

"Chumvi?"

"Hakuna."

"Majivu?"

"Hakuna, Mama."

Akasema, "Nakuja."

Alikuja na mayai ya kienyeji aliyoyapanga kwenye ndoo ya pumba ili yasivunjike, na kabichi mbili kubwa. Hakutaja hospitali. Nami, kwa woga, sikutaja. Tukapika.

Sasa sikilizeni tunavyopika, maana wengine mmekuja kwa ajili ya hili tu. Wali wa jana, uliopikwa bila chumvi, tunautandaza chini ya sufuria iliyopakwa mafuta, tunaubonyeza kwa mkono. Kabichi inakatwa nyembamba, inachemshwa kwenye maji mengi, maji yanamwagwa, inakamuliwa mpaka ilie. Hapo tuligombana. Mama alidaka sufuria akasema, "Unamwaga mboga yenyewe! Utamu wote unaenda na maji!" Kwao kumwaga maji ya mboga ni sawa na kumwaga mboga. Nikamwambia, "Mama, ninachokikimbia ndicho kinachoenda na hayo maji." Akanitazama. Akayamwaga mwenyewe.

Kitunguu kikaangwe polepole mpaka kiwe cha kahawia, usiwe na haraka, mimi mwenyewe nimejifunza kungoja kwa kitunguu hicho. Kitunguu saumu, hoho, pilipili manga kidogo, majani ya giligilani. Changanya na kabichi, tandaza juu ya wali. Mayai upige kwa mkono mpaka yapande, mengi yawe ute, kiini kidogo, uyamwage juu yaenee. Funika. Mkaa mwingi juu, chini vichache vinavyokufa. Halafu usifunue! Nilikuwa nafunua kila dakika, Mama akanipiga mkono kwa mwiko kama mtoto wa miaka sita. Ikishaiva kamulia ndimu kidogo. Ndimu inaudanganya ulimi, unadhani kuna chumvi.

Baba Jeni anaiita keki ya hospitali. Lakini akija Jumamosi anakula vipande viwili na anakwangua pembeni.

Ilikuwa kifungua kinywa changu, kwa kipimo nilichopewa, mpaka miezi mitatu ikatimia. Siku ya majibu nilikwenda na Mama. Sikuweza kukaa kwenye benchi, nilipima ukumbi ule kwa miguu mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Tulipoingia, daktari alisoma karatasi, akairudia. Mama alikuwa ameshika ncha ya kitenge, anaikunja, anaikunjua.

Daktari akasema, "Hazijapona, na hazitakuwa kama za zamani. Lakini hazijashuka. Zimesimama pale pale. Nenda nyumbani Mikumi, uje kliniki kama kawaida."

Nilitaka kuruka. Mama alisema neno moja tu, "Asante," akalisema kwa daktari, kisha akaangalia dari akalisema tena.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, na daktari, na nesi wa vigelegele, na yule binti wa lishe mwenye macho makali. Namshukuru Tabu kwa uongo wake mtamu. Namshukuru Baba Jeni aliyebonyeza mguu wangu. Na ninyi nawasihi: kapimeni presha, na mkiambiwa mrudi kesho, iwe kesho kweli. Acheni kutafuna vidonge vya maumivu kama karanga. Kunyweni maji, choo kikiwa mbali nendeni, chapati haitakufa. Na mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie kuiga sufuria yangu. Damu yangu siyo damu yake. Aende apimwe, aambiwe cha kwake, na akiambiwa asikilize mpaka mwisho, asifanye kama mimi niliyesikia neno moja nikatoka.

Hapo ndipo nilipopanga kumalizia. Lakini siwezi. Kuna kipande nimekiruka, nimekiruka leo mbele yenu na nimekiruka muda wote huu.

Siku ile ya chakula cha kwanza chenye ladha, kabla Mama hajakipika, aliniuliza. Alisimama mlangoni kwa Tabu na yale majivu mkononi akaniuliza, "Agnesi, na ya majivu je? Wameikataza?" Aliniuliza, jamani. Sikuwa nimemuuliza daktari yeyote. Nilikuwa na hamu, nilikuwa nimechoka na nyasi, nikamjibu, "Hiyo hawajaikataza." Mimi ndiye niliyesema. Halafu wodini nikamwambia anataka kuniua, na yeye angeweza kunijibu pale pale, mbele ya daktari, kwamba aliniuliza nikamwambia haijakatazwa. Hakujibu. Alibeba mzigo wangu mpaka Mamboya, na jana ameniambia nimtaje kwa kosa ambalo ni langu.

Mama, naomba unisamehe. Nalisema mbele ya watu kwa sababu nilikuaibisha mbele ya watu.

Mnaona, anapunga mkono. Anasema nini? Semeni kwa sauti, huko nyuma hawasikii. Anasema alikumbuka siku zote kwamba aliniuliza. Anasema mgonjwa hapelekwi barazani kushitakiwa. Anasema majivu sasa anayanyunyiza kwenye kabichi, wadudu wamekimbia, na kabichi iliyo humu kwenye sufuria ndiyo hiyo.

Na anasema nimesimama vya kutosha, nikae.

Haya Mama. Nakaa. Mama Rozi, funua sufuria.